Nyongeza ya Mshahara na Zamu ya Maji

Meneja wetu alikuwa mtu wa Tabora, na sisi tuliozaliwa milimani tulimwona kama mtu mwenye haraka. Ukimwamkia "Shikamoo bosi," alijibu "Marahaba, sema." Hiyo "sema" ndiyo iliyonimaliza. Kwetu huwezi kusema kabla hujauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, na habari za mgonjwa yule wa mwezi uliopita kama amepona. Mtu akikuambia "sema" wakati bado uko kwenye mifugo, maneno yote yanakukimbia.

Nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni ndogo mjini Same. Tulinunua tangawizi kutoka milimani, tukaikausha, tukaisafirisha. Ofisi ilikuwa nyuma ya ghala, na harufu ya tangawizi ilitufuata hadi nyumbani, kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mto wa kulalia. Nilipoanza, juu yangu alikuwepo mhasibu mkuu. Akapata kazi Dodoma, tukamuaga kwa keki na soda, akaondoka. Tukaambiwa mtu mwingine analetwa. Hakuletwa. Miezi kumi na minne nilifanya kazi yake na yangu kwa mshahara wangu uleule wa laki sita. Nilifunga hesabu za mwezi. Nilikaa na mkaguzi. Kila nilipoandaa orodha ya mishahara, mstari wa mhasibu mkuu ulikuwa bado upo, na mbele yake niliweka sifuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka nyongeza. Nilijua hata kiasi ninachokitaka: laki tisa na nusu. Lakini kuitaka tu kwa sababu ya kazi niliona ni ujeuri. Niliona lazima iwepo shida. Na shida nilikuwa nayo: goti la mama.

Mama anaishi peke yake Suji, juu mlimani, mahali ambapo kwenda kwa jirani ni kupanda na kurudi ni kushuka. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Nilipanga nikipata nyongeza nipange vyumba viwili badala ya kimoja, nimteremshe akae nami mjini, karibu na hospitali, kwenye ardhi tambarare. Mpango ulikuwa mzuri. Niliupenda. Nilijiona ndani yake kama binti mwema.

Siku niliyoingia kwa meneja nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nikamwamkia.

"Marahaba, sema."

Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri. Nikamuuliza kama watoto wamefungua shule. Akasema wamefungua. Nikasema jua la mwaka huu ni kali. Akaangalia dirishani, kama mtu anayehakikisha, akasema kweli ni kali. Nikasema huko juu kwetu afadhali, kuna ukungu, ila ukungu nao una maumivu yake kwa wazee, hasa viungo, na mama yangu kwa mfano, goti lake, siku hizi, kupanda ile milima...

Akaweka kalamu chini. Uso wake ukalainika kabisa.

"Pole sana. Kumbe mama anaumwa, na wewe umekaa kimya?"

"Ndiyo bosi, na kwa kweli ndiyo maana nilikuwa..."

"Usiseme zaidi. Chukua Alhamisi na Ijumaa. Nenda ukamwone mama."

"Ila bosi..."

"Hakuna ila. Kazi haziishi. Nenda."

Nikatoka nikiwa na ruhusa ya siku mbili ambayo sikuiomba, na laki sita zangu zilezile. Katibu muhtasi, dada mmoja ambaye hakuna kilichompita, aliinua macho.

"Enhe? Umepata?"

"Nimepata likizo."

Alicheka hadi akaegemea kabati. "Nyie Wapare! Mtu anakwenda kuomba ng'ombe, anarudi na kamba, na anasema asante!"

Na kweli, asante nilikuwa nimeisema.

*

Alhamisi nilipanda basi hadi Makanya, kisha bodaboda. Nimeipanda njia ile tangu nikiwa mgongoni, lakini kila mara inanitisha kwa uzuri. Chini kuna mkonge na vumbi, joto linalokaa kifuani. Pikipiki inaanza kupinda, na kila kona inakuvua kitu: kwanza vumbi, kisha joto, kisha kelele za malori ya barabara kuu. Kona fulani, ambayo sijawahi kuihesabu ni ya ngapi, hewa inabadilika ghafla kama umefunguliwa mlango wa chumba kingine. Migomba inaanza. Maji yanasikika kabla hayajaonekana. Nikigeuka nyuma naona nyika yote imelala chini, bluu hadi mwisho wa macho, na vivuli vya mawingu vinatembea juu yake polepole. Nilimwomba dereva asimame. Akasimama bila kuuliza. Yeye mwenyewe alizima pikipiki, akatazama.

"Kila siku napita," alisema, "na bado."

Hakumaliza sentensi, wala haikuhitaji kumalizwa.

Mama alinipokea kwa kelele na kwa makande. Alitembea akishika ukuta. Nilipokwisha kula nikamweleza mpango wangu wote: vyumba viwili, hospitali, ardhi tambarare. Nilizungumza kwa furaha, na kwa muda mrefu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Kesho kuna msaragambo wa ndiva," alisema nilipomaliza. "Utakuja?"

Nikasema nitakuja.

Ndiva ni bwawa letu. Lilichimbwa na watu ambao hata bibi yangu hakuwajua, juu kidogo ya mashamba, likajengewa ukingo wa udongo na mawe. Maji ya chemchemi yanaingia usiku kucha kupitia mfereji mwembamba, na asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwenda shamba la mwenye zamu. Kila familia ina asubuhi yake. Anayekosa zamu anategemea mvua, na mvua siku hizi haimwahidi mtu kitu. Mara kadhaa kwa mwaka ndiva inakaushwa, na watu wote wanaingia ndani na majembe na makarai kutoa tope. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Zamani waliitana kwa pembe. Siku hizi ujumbe unatumwa kwenye kundi la kijiji la simu, na bado yupo mzee mmoja anayepuliza filimbi asubuhi, kwa sababu haamini simu.

Nilikuwa nimeuona msaragambo mara nyingi nikiwa mdogo, lakini kama mtoto anavyoona, yaani nilikumbuka tope na viazi vya kuchoma. Ijumaa ile niliuona kwa mara ya kwanza. Watu kama sitini waliteremka ndani ya lile shimo kubwa, wanaume na wanawake, mwalimu, fundi cherehani, bibi mwenye kofia ya sufu. Tope lilikuwa jeusi na baridi, likatushika hadi magotini. Makarai yakaanza kupita mkono kwa mkono kupanda ukingo. Hakuna aliyetoa amri. Mtu akichoka alisogea nusu hatua, na aliyekuwa pembeni akaziba nafasi, kama maji yanavyoziba. Mimi ninayelipwa kwa kuhakikisha kila kitu kinalingana sijawahi kuona kitu kinacholingana vile.

Mama aliingia naye. Nilimkataza.

"Mama, goti."

"Goti liko na mimi, halijabaki nyumbani," alisema, akapandisha kanga, akaingia.

Saa sita hivi kazi ikaisha. Watu wakaanza kupanda ukingoni kunawa. Ndipo mwenyekiti wa ndiva, mzee mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, akasimama juu ya ukingo na kuuliza, kama anavyouliza kila mara:

"Nani ana neno la maji?"

Huo ndio utaratibu wetu. Ombi la maji halipelekwi nyumbani kwa mwenyekiti, wala halisemwi pembeni. Linasemwa siku ya msaragambo, baada ya kazi, na anayeomba habaki ukingoni na wenzake. Anabaki chini, ndani ya ndiva tupu, akiwa na tope lake, na wote wanamtazama kutoka juu. Na kuna jambo moja ambalo hatakiwi kulitaja: shida. Njaa anayo kila mtu, wagonjwa wako kila nyumba, na kama maji yangetolewa kwa shida, basi anayejua kulia vizuri angelima peke yake. Anayeomba anasema amefanya nini, anataka nini, kisha ananyamaza.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua nyumba yao ina milango mingapi. Ila sikuwa nimewahi kuyatazama.

Nilipofika ukingoni nikageuka kumtafuta mama nimshike mkono apande. Hakuwa pembeni yangu. Alikuwa katikati ya ndiva, peke yake, ameegemea jembe.

"Mimi nina neno," alisema.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Mama yangu ni mtu wa sauti ndogo, kanisani humsikii hata akiwa mbele yako. Lakini kuta za ndiva ziliichukua sauti yake zikaipandisha hadi kwetu, safi, kama amesimama sikioni mwa kila mmoja.

"Mwaka huu nimekuja misaragambo yote. Mfereji wa juu ulipobomoka vuli iliyopita, nilijenga sehemu yangu, na ya jirani yangu aliyekuwa amesafiri. Shamba la bondeni nimelilima, matuta yapo, nendeni mkaone. Zamu ya Jumatano haina mwenyewe tangu familia iliyokuwa nayo ilipohamia Moshi. Naiomba."

Akanyamaza.

Nilitegemea aendelee. Nilitegemea aseme "hata kama si yote," au "mkiona inafaa," au "nisameheni ndugu zangu." Mwili wangu wote ulitaka kumsaidia kusema hayo. Hakuyasema. Alisimama tu pale chini, mdogo, tope hadi mapajani, na ukimya ukajaa ndani ya ile ndiva polepole kama maji yanavyojaa, hadi nikahisi umefika miguuni kwetu.

Baba mdogo mmoja wa ukoo, anayejulikana kwa mdomo, ndiye aliyeuvunja.

"Shemeji, hilo goti lako linalia kama mlango wa zizi. Shamba la pili utaliparua na nini? Utakuwa unaruka?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo.

"Goti ni langu, shemeji. Maji ni ya wote. Niulize la maji."

"Haya, la maji. Utapanda nini?"

"Tangawizi mistari minane, na maharage katikati. Wewe mwaka jana Jumanne yako ulipanda nini?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, kwa sababu mwaka jana maji ya Jumanne yake yalimwagika barabarani, na kila mtu aliyekuwa pale aliteleza juu yake. Baba mdogo akainua mikono.

"Mimi nimenyamaza. Mpeni, mpeni kabla hajataja ya mwaka juzi."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye pingamizi. Akauliza kamati ya ndiva. Watu wawili wakateremka kwenda kutazama matuta, na sisi tukasubiri, na mama akasubiri chini, hakukaa wala hakuegemea ukuta. Waliporudi, mmoja alisema tu, "Yapo. Yamenyooka." Mwenyekiti akatamka: Jumatano ni yake, msimu mmoja, kisha itatazamwa upya.

Nilikuwa nimesimama ukingoni na karai mkononi. Nilimfahamu mwanamke huyu kwa miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimekwisha kumpangia kitanda, dirisha na dawa. Na nilikuwa sijawahi kumwona.

Tulirudi nyumbani polepole, yeye mbele.

"Kwa hiyo huteremki Same," nilisema.

"Niteremke kufanya nini? Nilale nisikilize mabasi ya Arusha?"

"Na goti?"

"Goti nitalileta hospitali, litatibiwa, litarudi kwake."

Nikamweleza basi yaliyonipata ofisini: habari za watoto, jua, ukungu, goti, siku mbili. Nilifikiri atacheka kama yule katibu. Alisimama njiani, akanigeukia.

"Ulikuwa unakwenda kuomba kwa kutumia mimi?"

"Sikuwa na sababu nyingine, mama."

"Ile kazi ya miezi yote hiyo haikuwa sababu? Hukuiona, ukaliona goti langu?" Akatikisa kichwa. "Unanichukua mimi na kanga yangu, unaniweka mezani kwa mwanaume nisiyemjua, unamwambia atazame mguu. Ah. Mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa mshangao, na mshangao ule uliniuma kuliko hasira. Kisha akaendelea kupanda, akishika migomba ya watu njiani kama anavyoshika ukuta.

*

Jumatatu niliingia kwa meneja nikiwa mtupu. Sikuwa na shida yoyote ya kumpelekea. Sijawahi kujisikia sina nguo kama siku ile.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, sema."

"Miezi kumi na minne nimefanya kazi ya mhasibu mkuu pamoja na yangu. Hesabu za kila mwezi nimezifunga kwa wakati. Mkaguzi amekuja mara mbili na hakuacha hoja. Naomba mshahara wangu uwe laki tisa na nusu."

Nikanyamaza.

Nataka niseme juu ya ukimya ule, kwa maana nimeandika kurasa nyingi tangu siku hiyo na bado sijaandika kitu kirefu kama ule ukimya. Feni ilizunguka. Ghalani mtu aliburuta gunia. Kila sehemu yangu ilitaka kujaza nafasi ile: nimwambie hata laki saba si mbaya, nimwambie samahani, nimuulize habari za watoto. Nilikaza vidole ndani ya viatu. Na nikashangaa, kweli nikashangaa, kuona kwamba maneno niliyoyasema yamesimama pale mezani bila mimi kuyashikilia.

"Laki tisa na nusu," alisema hatimaye. "Unajua ni fedha gani hiyo?"

"Najua bosi. Orodha ya mishahara naiandaa mimi."

Akaguna, kama kicheko kilichojizuia. Kisha uso wake ukalainika tena kama siku ile, na sauti ikashuka.

"Ni mama? Hali imekuwa mbaya? Kama ni matatizo ya nyumbani niambie tu, binti. Kuna mfuko wa dharura, hata leo naweza kukusaidia."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kupita. Angenipa, na angejisikia vizuri, na mimi ningesema asante.

"Mama ni mzima," nilisema. "Nyumbani hakuna tatizo."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna."

"Sasa kama hakuna tatizo, fedha za nini?"

"Za kazi, bosi."

Akanitazama. Nilihisi ananitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeajiriwa, na sikujua kama hilo ni jema au baya. Akavuta kompyuta yake, akafungua kitu, akasoma muda mrefu. Mimi sikukaa.

"Laki nane naweza kuidhinisha mwenyewe," alisema. "Hiyo hesabu kwamba umepata. Zaidi ya hapo ni bodi. Wanakutana Alhamisi. Niandikie barua sasa hivi."

Niliandika mezani kwake, kwa mkono, kwa sababu niliogopa nikitoka nisingerudi. Alipoisoma alikunja uso.

"Fupi. Hata 'kwa heshima na unyenyekevu' hujaweka?"

"Heshima ipo pale juu, bosi. Mstari wa kwanza."

Akautazama mstari wa kwanza. Akachukua kalamu, akaandika chini ya jina langu, *Naunga mkono ombi hili*, akasaini. Nilipotoka, katibu muhtasi aliniangalia usoni, akarudi kwenye kazi yake. Nilikwenda ghalani, nikakaa juu ya gunia, nikavua viatu.

Bodi ilikutana Alhamisi. Ijumaa meneja aliniita, akanikabidhi jibu bila kuketi: laki tisa, kuanzia mwezi unaofuata. Nikamshukuru, nikarudi mezani kwangu, nikafungua orodha ya mishahara kubadilisha mstari wangu. Furaha ilikuja, tena nyingi, macho yakajaa. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kigumu, na ilinichukua muda kukitambua. Ile elfu hamsini iliyokatwa ilikuwa inaniuma. Mimi, niliyetoka katika chumba kilekile na siku mbili za likizo nikasema asante, nilikuwa nimekaa na laki tisa mbele yangu nikifikiri: hapana, imebaki elfu hamsini, na ni yangu.

Nikaitazama ile hisia kama mtu anavyotazama mgeni aliyemkuta sebuleni kwake. Sikuifukuza. Nikahifadhi orodha, nikafunga kompyuta, nikatoka nje, ambako upepo wa Same ulikuwa umeanza kuvuma na milima yote, kuanzia kushoto hadi kulia, ilikuwa wazi.